Wimbo wa Nani? Uhakiki wa Chemsha Bongo ya Muziki, kwa Mifano ya Bendi za Tabora

Miongoni mwa michezo ya maneno iliyoenea katika Kiswahili cha siku hizi ni ule uitwao chemsha bongo ya muziki. Mchapishaji mdogo wa vitabu au wa santuri, asiyekuwa na fedha za kuitangaza kazi yake kwa gharama kubwa, huwauliza watu maswali matatu au manne juu ya nyimbo za zamani: nani aliimba, bendi gani ilipiga, wimbo ulitoka mwaka gani. Ajibuye sawasawa hupewa nakala ya kazi hiyo bila malipo. Na wakitokea wengi waliojibu sawasawa, mshindi hupatikana kwa bahati nasibu. Vituo vya redio navyo huufanya mchezo huu, na zawadi zake aghalabu ni ndogo: santuri, fulana, kitabu.

Jambo hili ni dogo kwa sura yake, na wahakiki wa fasihi hawakulitilia maanani. Walakini kila mchezo wa maneno wenye kanuni zake ni utanzu wa semi, na kila utanzu wa semi wastahili kuhakikiwa. Kitendawili kimeandikiwa kurasa nyingi. Nduguye mdogo huyu hakuandikiwa hata moja. Makala haya yachunguza mambo mawili tu ndani yake: lugha ya swali lenyewe, na njia ipitayo zawadi. Mifano imechukuliwa katika muziki wa dansi wa Tabora, kwa kuwa bendi za mji huo zaonyesha wazi mahali ambapo swali la namna hii hukosea, na nani hupata hasara linapokosea.

Kwanza jina lake. "Chemsha bongo" ni kitenzi cha kuamuru pamoja na yambwa yake, ambavyo vimegeuka kuwa jina moja. Husemwa "chemsha bongo hii" na "chemsha bongo ya jana", kana kwamba ni neno la asili katika ngeli yake. Jina hilo lamwamuru msikilizaji afanye kazi peke yake, ndani ya kichwa chake mwenyewe. Kitendawili hakisemi hivyo. Mwenye kitendawili hutega, na mwenye kujibu hutegua. Vitenzi hivyo viwili ni vya shina moja, cha pili kikiondoa kilichofanywa na cha kwanza. Basi kitendawili ni kazi ya watu wawili kwa lugha yenyewe, hali chemsha bongo ni kazi ya mmoja aliyeamriwa na mwingine.

Tofauti hiyo huonekana zaidi katika malipo. Mtegaji asemapo "Kitendawili!" na kuitikiwa "Tega!", hutoa fumbo lake na kungoja. Wenziwe wakishindwa, hudai mji: "Nipeni mji." Nao humpa, "Nenda Ujiji," au "Nenda Bagamoyo." Akiukataa mji huo kwa kuuona mdogo, hupewa mwingine, akiupenda, husema kuwa amekwenda, akapokewa vizuri na kula vinono, kisha ndipo huwafumbulia. Hapa zawadi ni ya maneno matupu, wala hakuna atokaye pale na kitu mkononi. Lakini njia yake yafaa kuangaliwa: zawadi hutoka kwa asiyejua ikaenda kwa ajuaye. Elimu ina bei, na mwenye kuipokea ndiye alipaye.

Katika ngoma na katika taarabu iko zawadi ya pili, nayo imeacha alama kubwa zaidi katika lugha. Mtu akipendezwa na mwimbaji au mchezaji, huinuka na kumtuza: humtia fedha mkononi, au humbandika noti katika paji la uso, au humfunika kwa kanga. Katika kitenzi hicho, kutuza au kutunza, ndimo lilimotoka neno "tuzo", ambalo leo hutumiwa kwa kila namna ya zawadi ya ushindi, hata ya wanafunzi na ya wacheza mpira. Kwa asili tuzo ni haki ya mtendaji wa sanaa, nayo hutoka kwa msikilizaji ikaenda kwa mwimbaji, mbele ya macho ya watu wote.

Chemsha bongo ya muziki imeleta njia ya tatu. Zawadi hutoka kwa muuzaji ikaenda kwa msikilizaji. Mwimbaji, ambaye jina lake ndilo mtaji wa mchezo wote, hayumo katika njia hiyo. Hajui kwamba ametajwa, wala aliyemkumbuka hamtuzi. Bali yeye aliyemkumbuka ndiye atuzwaye kwa kumkumbuka. Si kusudi la makala haya kusema kwamba mchapishaji mdogo amefanya dhuluma. Nakala moja ni mali yake, naye ana haki ya kuitoa kwa ampendaye. Lakini kwa kuwa zawadi imekwisha kumpita mwimbaji, kitu kimoja tu kimesalia ambacho mchezo huu waweza kumlipa, nacho ni kutajwa kwa haki. Ndiyo sababu lugha ya swali si jambo la kupuuzwa.

Ili kuliona hilo, yafaa kutazama muziki wenyewe wa Tabora na jinsi ulivyofika. Tabora ni mji uliozaliwa na njia. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi wa Novemba 1857 walikuta kituo cha wafanya biashara wa pwani katika nchi ya Unyanyembe, penye misafara iendayo Ujiji na iendayo Karagwe. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea wakiimba. Kiongozi wao, aliyetangulia mbele ya msafara, alianzisha na wengine wakaitikia. Katika nyimbo za namna hiyo swali la "nani aliimba" halina jibu moja, maana aanzaye na waitikiao wote ni waimbaji. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa njia hiyo hiyo, nayo ikawa barabara ya wanamuziki kama misafara ilivyokuwa barabara ya wapagazi.

Kutokana na hayo Tabora ilipata bendi zake za dansi, na tatu kati yake zajulikana mbali. Kiko Kids ilitangazwa na sauti ya Salum Zahoro. Nyanyembe Jazz ilichukua jina la nchi ya Unyanyembe, ikiliacha kiambishi cha mahali na kubakiza shina peke yake. Tabora Jazz, iliyojulikana kwa mtindo wake wa Segere Matata, ilipata sifa kubwa katika miaka ya 1970 pamoja na Shem Karenga, mtunzi wa "Dada Asha". Yeye alitokea Kigoma, alikoanzia muziki katika Lake Tanganyika Jazz, akaja Tabora kwa njia ile ile ambayo misafara ya Ujiji iliijia. Alifariki Desemba 2014. Mbali na hizo iko bendi ya nne, ambayo si ya Tabora nayo ina Tabora ndani yake: Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende. Jina lake lilitokana na Jimbo la Magharibi, ambalo Tabora ilikuwa makao yake makuu, kwa kuwa ndiko walikotoka waanzilishi wake.

Sasa lichukuliwe swali la kawaida la mchezo huu: "Wimbo huu ni wa nani?" Swali ni fupi, lasikika jepesi, na kila Mswahili hulielewa, au hudhani kwamba amelielewa. Uzito wake wote umebebwa na kihusishi kimoja, yaani -a. Katika Kiswahili kihusishi hicho huunganisha majina mawili bila kusema yameungana kwa namna gani. "Wimbo wa Shem Karenga" waweza kuwa ni ule alioutunga, au ule aliouimba tu, au ule ulioimbwa kwa ajili yake, au ule umsemao yeye. "Wimbo wa Tabora" waweza kuwa umetungwa Tabora, au wausifu mji wa Tabora, au wapendwa na watu wa Tabora. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hilo halidhuru, kwa sababu hali ya mazungumzo yenyewe huonyesha maana iliyokusudiwa. Katika swali lenye zawadi hapana hali ya kuonyesha. Jibu moja limekwisha kuandikwa na kufichwa, na majibu mengine yote, hata yaliyo ya kweli, yamekwisha kuhesabiwa kuwa ni makosa.

Yafaa kusisitiza kwamba ufukara huu si wa Kiswahili. Lugha hii ina vitenzi vya kutosha kwa kila kazi ya muziki: kutunga, kuimba, kuitikia, kupiga gitaa, kupuliza tarumbeta, kuongoza bendi, kurekodi, kutoa santuri. Kila kitenzi chamtaja mtu wake. Mtunzi ni mmoja, mwimbaji ni mwingine, waitikiaji ni wengine, na mpiga gitaa la solo, ambaye katika dansi ndiye hasa aufanyaye wimbo ujulikane kabla neno halijatamkwa, ni mwingine tena. Swali la "wa nani" huwakusanya wote hao chini ya herufi moja, kisha huchagua jina moja. Aghalabu jina lichaguliwalo ni la bendi, au la mwimbaji wa mbele. Wapigaji na watunzi ambao hawakusimama mbele hupotea katika sarufi kabla hawajapotea katika kumbukumbu.

Hasara hiyo si ya heshima tu. Tangu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mtunzi wa Tanzania ana haki ambayo mtu asiyetajwa hawezi kuidai. Mrithi wa mpigaji gitaa wa Tabora atakayetaka kuthibitisha kwamba marehemu babaye ndiye aliyetunga wimbo fulani, atahitaji ushahidi. Na ikiwa kwa miaka mingi wimbo huo umeitwa na kila mtu "wa bendi fulani", ushahidi wake umedhoofishwa na mazoea ya watu wote, wenye nia njema na wasio nayo. Mfano ulio mashuhuri kupita yote katika Afrika ya Mashariki ni "Malaika". Fadhili William aliurekodi Nairobi na ukaenea duniani kote kwa sauti za Miriam Makeba na Harry Belafonte. Lakini wako washuhudiao kwamba mtunzi wake ni Adam Salim, na Grant Charo naye alitajwa katika madai hayo. Muulizaji aulizaye "Malaika ni wa nani?" na kungoja jina moja, amekata shauri la watu watatu kwa thamani ya fulana.

Swali la pili lipendwalo ni la bendi: "Bendi gani ilipiga wimbo huu?" Hili nalo ladhani kwamba bendi ni kitu kisichobadilika. Mambo hayakuwa hivyo. Wanamuziki wa dansi walihama, na walipohama walichukua nyimbo zao, na pengine walichukua hata mtindo. Salum Zahoro wa Kiko Kids alisikika tena katika miaka ya 1990 akiwa na Shikamoo Jazz, bendi ya wanamuziki wazee iliyokuwa Dar es Salaam; basi aliyemsikia huko akiimba wimbo wake wa zamani hakosi akitaja bendi hiyo, ingawa aliyemsikia Tabora naye hakosi. Bendi nyingine ilibaki mahali pake ikabadilika jina: NUTA Jazz ya mwaka 1964 iliitwa baadaye JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Na swali la mtego liulizalo "Taja bendi ya Tabora yenye jina la Kiingereza la upande wa dira" laweza kumfanya mtu aandike Western Jazz akakataliwa kwa kuwa bendi ilikaa Dar es Salaam, hali jibu lake lina kweli kubwa ya historia kuliko karatasi ya muulizaji. Katika "bendi ya Tabora" kihusishi -a kimefanya tena kazi yake ya kuficha: ni bendi ikaayo Tabora, au itokanayo na watu wa huko?

Swali la tatu ni la mwaka, nalo ndilo lionekanalo la kisayansi kuliko yote, maana mwaka ni tarakimu. Lakini "ulitoka mwaka gani" lamaanisha nini? Kitenzi kutoka chahitaji mahali pa kutokea. Wimbo wa dansi wa Tabora hutoka kwanza kichwani mwa mtunzi, hutoka mara ya pili ukumbini, hutoka mara ya tatu redioni, na pengine hutoka mara ya nne katika santuri, ambazo nyingi zilifanywa Nairobi. Redio iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1951, na ambayo tangu 1965 ilijulikana kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, iliweka katika maktaba yake kanda nyingi za bendi za bara. Mwaka ulioandikwa juu ya kanda ni mwaka wa kurekodi. Mwaka ulio juu ya santuri ni wa kuuza. Na mwaka aukumbukao mzee wa Tabora ni ule aliocheza wimbo huo kwanza. Mzee huyo akiandika mwaka wa ukumbini hushindwa, na kijana aliyenakili mwaka wa kwenye jalada hushinda. Kwa njia hiyo mchezo uliokusudiwa kuheshimu kumbukumbu humwadhibu mwenye kumbukumbu.

Watetezi wa mchezo huu wana hoja zao, na si haki kuzipita. Watasema kwamba huu ni mchezo, si mahakama, na kwamba kijana asiyepata kusikia jina la Kiko Kids akilisikia kwa ajili ya kutafuta zawadi, amefaidika kuliko asingelisikia kabisa. Hoja hiyo ni ya kweli. Hata kuhifadhiwa kwenyewe kwa muziki huu kumekuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wachapishaji wadogo: Original Music, kampuni ndogo ya John Storm Roberts huko Marekani, ilitoa "The Tanzania Sound" mwaka 1987, wakati ambapo kampuni kubwa hazikuona faida katika nyimbo hizo. Mchapishaji wa namna hiyo atangazapo kazi yake kwa maswali na nakala ya bure, afanya alilo na uwezo nalo. Lakini hoja ya kwamba ni mchezo haiondoi kanuni. Kitendawili nacho ni mchezo wa watoto jioni, na kina kanuni kali: mtegaji sharti afumbue, na mji ukishatolewa hawezi kuificha maana. Kila mtu huondoka pale akijua. Katika chemsha bongo wengi hawapati hata kuelezwa jibu. Hupewa jina la mshindi badala yake.

Na uko ufukara mwingine mkubwa zaidi. Katika ushairi wa Kiswahili swali lenye kuchemsha akili lilikuwa juu ya maana. Washairi wa Mombasa wa zama za Muyaka walitupiana mafumbo, na aliyejibu alijibu kwa shairi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji kutoka kila upande wa Tanganyika, wenyeji wa bara wakijibizana na wa pwani, na hapo jibu zuri lilikuwa zawadi kwa wasomaji wote. Nyimbo za dansi zimerithi fumbo hilo. Dada asemwaye katika wimbo huenda si dada, na safari ilaumiwayo huenda si safari. Chemsha bongo ya muziki haiulizi kamwe: "Neno hili lamaanisha nini, na lilimgusa nani?" Yauliza jina, bendi na mwaka, yaani mambo yaandikwayo juu ya jalada, na kuyaacha yaliyomo ndani ya wimbo.

Dawa yake si ngumu, wala haitaki gharama. Kwanza, muulizaji na aache kihusishi -a na kutumia kitenzi: "Nani alitunga?", "Nani alipiga gitaa la solo?", "Nani waliitikia?" Akikosa kujua jibu la swali moja kati ya hayo, basi hilo ndilo swali lifaalo kuulizwa kuliko yote, kwa kuwa hapo zawadi itanunua elimu badala ya kurudisha tu kile alichokuwa nacho. Pili, mwaka na uulizwe pamoja na tukio lake: mwaka wa ukumbini, wa redio, au wa santuri. Tatu, jibu lenye ushahidi lisilolingana na karatasi ya muulizaji lisitupwe, bali lichapwe pamoja na jina la aliyelitoa. Na majibu yote yafumbuliwe mwishoni, kama ilivyo sheria ya kitendawili.

Kwa mfano, badala ya kuuliza "Dada Asha ni wimbo wa bendi gani?", swali ambalo jibu lake hupatikana kwa mtu yeyote mwenye jalada, yawezekana kuuliza hivi: "Dada Asha ulitungwa na Shem Karenga na kupigwa na Tabora Jazz. Aliyeusikia ukipigwa ukumbini Tabora ataje ukumbi, mwaka, na wapigaji awakumbukao." Swali hilo halina jibu moja. Wazee wa Tabora wenye uwezo wa kulijibu wapungua kila mwaka, na zawadi ya kitabu au santuri ni malipo madogo kwa kumbukumbu zao. Majibu kumi ya namna hiyo, hata yakipingana, yatamfaa mtafiti wa muziki na wa lugha kuliko majibu elfu yaliyo sahihi kwa neno moja. Nayo yatarudisha sehemu ya tuzo mahali pake pa asili: kwa yule aliyetunga, na kwa wale waliopiga na kuitikia nyuma yake.